Fomu ya maswali ya maisha kwa wauzaji: inatabiri kweli au ni kupiga ramli?

Dada mmoja wa Mwanza kaniuliza hivi, nafupisha kidogo. Ana biashara ya kuuza sola za majumbani kwa mkopo, nyumba kwa nyumba, vijiji vya Magu, Sengerema mpaka upande wa Geita. Ana wauzaji 60 wa kamisheni na kila mwaka karibu nusu wanaondoka, anaanza tena kutafuta, kufundisha, kutoa tisheti na mabegi, miezi mitatu mtu kapotea. Sasa rafiki yake kamtumia fomu ya Kiingereza yenye maswali 80 kuhusu maisha ya mtu, alisoma wapi, alifanya nini utotoni, yuko kwenye klabu gani, kaambiwa ukijumlisha pointi unajua nani atauza na nani hatauza. Anauliza: "Niitafsiri niwape waombaji, au hii ni kupiga ramli tu?"

Dada yangu, sio ramli. Ni moja ya vitu vya zamani kabisa kwenye kazi yetu ya kuchagua watu na ina ushahidi mwingi kuliko mbinu nyingi za kisasa unazouziwa. Ila hiyo fomu uliyotumiwa usiitumie, na sababu yake ntakueleza taratibu mana hapo ndipo watu wengi wanapoangukia.

Hii kitu imezaliwa kwenye biashara inayofanana na yako sana, bima ya maisha Marekani. Mwaka 1894 kulikuwa na mkutano wa watu wa bima pale Chicago, bwana mmoja wa kampuni ya Washington Life, Thomas Peters kutoka Atlanta, akasimama akasema jamani mawakala tunaowachukua wanatuumiza, kila meneja aache kuchagua kwa kuangalia sura, waombaji wote wajibu maswali yaleyale: umeishi wapi miaka kumi iliyopita, umefanya kazi gani, una ndoa au huna, ulishawahi kuuza bima na kwa nani, una madeni ambayo hujamalizana nayo. Tatizo lao lilikuwa hilohilo lako, wakala wa kamisheni anaingia leo kesho hayupo, na gharama ya kumfundisha imeshatoka.

Halafu 1922 mwanamama mmoja, Dorothy Goldsmith, akafanya kitu ambacho mpaka leo ndio moyo wa hii mbinu. Alichukua fomu za maombi za mawakala wa kampuni ya Guardian Life, fomu za kawaida tu ambazo walijaza siku wanaomba kazi, akawapanga kwa mauzo yao: 50 waliofanya vizuri, 50 wa kati, 50 waliofanya vibaya. Akaenda swali moja moja anauliza, hili jibu wazuri wamelitoa mara ngapi na wabaya mara ngapi? Umri, elimu, kazi ya kabla, kama mtu anaomba kazi ya muda wote au ya nusu siku, kama yupo kwenye vyama au klabu, na swali moja nalipenda sana, kama yeye mwenyewe ana bima ya maisha. Jibu lililotenganisha watu akalipa alama, lisilotenganisha halikupata kitu. Hakukaa chini akawaza muuzaji mzuri anapaswa kuwa mtu wa namna gani, aliacha mafaili yamwambie.

Na umeona shida ya fomu yako iko wapi? Alama zake zimetoka kwenye mafaili ya watu wengine, nchi nyingine, bidhaa nyingine, hata kama mwanzoni zilikuwa alama halali. Ukiitafsiri unabeba maneno, ule uhusiano kati ya jibu na mauzo haubebeki. Swali la klabu kwa mfano, kwa wakala wa bima wa Marekani ya 1922 klabu maana yake ni watu wenye hela anaokutana nao jioni, wateja hao. Magu huko klabu ni mahali watu wanapokunywa pombe ya kienyeji. Kitu kilichokuwa ndani ya lile swali ni "huyu mtu anajulikana na kuaminika na wangapi", na kwa mazingira yako ningeuliza kama ameshawahi kuwa mweka hazina wa kikoba, kiongozi wa kwaya, katibu wa kamati ya shule, vitu ambavyo watu wamempa kwa kumwamini.

Sasa nguvu yake ni kiasi gani, mana lazima nikuambie ukweli usije ukategemea muujiza. Tunapima kwa korelesheni, namba ambayo sifuri maana yake kipimo hakijui lolote na 1 maana yake kinajua kila kitu. Paul Sackett na wenzake 2022 walipitia upya tafiti za miaka mingi sana za kuajiri, fomu ya maisha iliyopewa alama kwa njia ya Goldsmith, yaani kwa data, ilipata 0.38. Ile ambayo alama zake zimetungwa kichwani na mtaalamu, 0.22. Intavyuu ya kupiga stori tu bila maswali ya kudumu, 0.19. Na miaka ya uzoefu, dada, ile "awe na uzoefu usiopungua miaka mitatu" ambayo iko kwenye kila tangazo la kazi hapa kwetu, ilipata 0.07. Hiyo ni karibu na kutupa shilingi juu. Intavyuu yenye maswali yaleyale kwa kila mtu na alama zilizopangwa kabla ndio ilikuwa juu, 0.42, na ntarudi hapo.

Kwa wauzaji peke yao kuna uchambuzi wa Andrew Vinchur na wenzake wa 1998 ambao ningependa kila mwenye timu ya mauzo aujue. Fomu ya maisha ilitabiri alama ambazo bosi anampa muuzaji kwa 0.52, lakini mauzo yenyewe, hela iliyoingia, kwa 0.28. Na vipimo vya akili vilitabiri vizuri tu bosi atasema nini juu ya mtu, lakini kwa mauzo halisi vilikuwa karibu na sifuri. Maana yake nini kwako? Ukiwauliza masapavaiza wako "nani mzuri" watakutajia wanaoongea vizuri kwenye kikao na wanaoleta ripoti kwa wakati, na ukijenga fomu juu ya hao utapata fomu ya kuchagua watu wanaopendwa na masapavaiza. Jenga juu ya mauzo.

Ila hata mauzo yana mtego, na huu nilishauingia mwenyewe ndo mana nauongelea kwa uchungu. Miaka kadhaa nyuma nilifanya kazi hii kwa kampuni moja ya usambazaji Dar, nikapata mafaili, nikapanga wauzaji kwa kreti walizouza kwa mwezi, nikahesabu, swali moja likatoka limewaka kama taa: unaishi wilaya gani. Wa Ilala walikuwa juu mno. Nikaanza kujenga nadharia kabisa, labda mtu wa karibu na kazini anawahi, hachoki na daladala, nikaiandika kwenye ripoti. Siku ya kuwasilisha mama mmoja sapavaiza wa siku nyingi akaomba aone majina, akayasoma kama dakika mbili akasema, "Hawa wote route yao ni Kariakoo. Pale hata ukimpeleka mwanangu wa form two anahit tageti." Meneja alikuwa anawapanga watu kwenye route za karibu na wanakoishi, basi. Fomu yangu ilikuwa imegundua Kariakoo, sio wauzaji. Ripoti niliifuta yote nikaanza upya, safari hii kila mtu nikampima kwa kumlinganisha na wastani wa route yake mwenyewe.

Kwa hiyo kabla hujaandika swali hata moja, kaa na mtu wako wa hesabu mkubaliane muuzaji mzuri kwako ni nani. Muuzaji wa kijiji cha barabarani kwenye mnada wa kila wiki usimlinganishe na wa kijiji cha ndani. Na wewe unauza kwa mkopo, kwa hiyo mtu anaweza kuuza sola 30 mwezi mmoja, kamisheni kachukua, wateja nusu yao wakaacha kulipa mwezi wa tatu ukaanza kwenda kung'oa mitambo kwenye mapaa. Huyo kwenye karatasi ni nyota na kwenye biashara ni hasara. Ningehesabu sola zilizouzwa miezi 12 ya kwanza na ambazo bado zinalipiwa, ukagawanya kwa wastani wa eneo. Na kudumu kazini kupime peke yake, usikuchanganye na kuuza, mana kuna anayedumu kwa sababu hana pa kwenda.

Baada ya hapo ndio maswali, na hapa kuna ufundi wake. Swali zuri linauliza kitu ambacho mtu alikifanya, kilichotokea kweli, ambacho mtu mwingine angeweza kuthibitisha. Kuna stori maarufu kwenye fani yetu ya vita vya pili vya dunia, jeshi la anga la Marekani lilikuwa na mfululizo mrefu wa vipimo vya kuchagua marubani, na mtaalamu Edward Cureton akaeleza kwamba swali moja tu, "ulishawahi kutengeneza ndege ya mfano ikaruka?", lilikuwa linakaribia kutabiri sawa na vipimo vyote kwa pamoja. Ona ile "ikaruka". Anayependa ndege atasema anazipenda, hilo halikusaidii, lakini aliyeifanya ikaruka alikaa na gundi na mbao, ikaanguka, akarekebisha, akarudia.

Ndege ya mfano kwa muuzaji wa sola ni nini? Kwa mawazo yangu ni kuuza kitu chako kwa hela yako. Wewe kwenye usaili nadhani unauliza kama wengi, "je unajituma? unapenda kukutana na watu?" na wote wanajibu ndiyo, nani aseme hapana. Badala yake weka: "Kabla ya kuomba kazi hii, ulishawahi kuuza bidhaa kwa mtaji wako mwenyewe? Hapana kabisa, chini ya miezi 3, miezi 3 mpaka 12, zaidi ya mwaka." Chini yake mstari mmoja: "Bidhaa gani, uliuzia wapi, mtaji wa kwanza ulikuwa shilingi ngapi na ulitoka wapi?" Ule mstari ni muhimu kuliko unavyoonekana. Neal Schmitt na mwenzake waliona 2002 kwamba ukimtaka mtu aeleze mfano wa alichojibu, majibu ya kujikweza yanapungua, na nimeona hivyo mimi pia, aliyeuza karanga anaandika bila kufikiri, "karanga, stendi ya Nyegezi, elfu kumi na tano, alinipa shangazi", na ambaye hakuuza anaandika "bidhaa mbalimbali maeneo tofauti".

Mengine ya kufikiria: ameshawahi kudai watu deni na akalipwa bila kugombana, kwa nani? Ameishi au kufanya kazi kijiji ambacho hakujua mtu, muda gani? Kazi yake ya mwisho ya kulipwa kwa kinachopatikana, sio mshahara, alikaa nayo muda gani? Nyumbani kwao au kwake sola ipo, nani aliinunua? Hilo la mwisho nimelichukua kwa Goldsmith wazi wazi, yule wakala mwenye bima yake. Andika kama 15 au 20 hivi, nyingi kuliko hapo waombaji wanachoka wanaanza kutiki tu.

Kutoa alama ni hesabu ya darasa la saba. Tuseme una mafaili 180 ya wauzaji waliopo na walioondoka. Kwanza chagua 60 bila mpangilio, weka kwenye bahasha, funga, usiziguse. Kwenye 120 zilizobaki chukua 40 bora na 40 wa mwisho. Swali la mtaji: tuseme kati ya bora 26 waliuza zaidi ya miezi 3, ni asilimia 65, kati ya wa mwisho ni 14, asilimia 35. Tofauti 30, jibu hilo lipe alama 2. Leseni ya pikipiki: bora 20, wa mwisho 19, hamna kitu, litoe kwenye alama hata kama wewe moyoni unaamini muuzaji lazima awe na leseni. Ukimaliza maswali yote, fungua bahasha, jumlisha alama za wale 60 ndio uangalie kama wenye alama nyingi waliuza zaidi kweli.

Hiyo bahasha watu wanaiona usumbufu, nakuomba sana usiiruke. Ukiwa na maswali 80 na kila moja lina nafasi moja kati ya 20 ya kuonekana linatabiri wakati halitabiri, maswali kama 4 yatang'aa hata kama hakuna lolote la kweli ndani yake, ni bahati tu, halafu ukiipima fomu kwa walewale waliotumika kuitengeneza itaonekana ya ajabu sana. Watu wamelipia fomu za hivyo mamilioni. Ile korelesheni itashuka ukifungua bahasha, huwa inashuka, swali ni kama inabaki kitu.

Ikibaki kama 0.3 usiidharau. Chukua hali ambayo nusu ya waombaji wote wangekuja kuwa wazuri, wewe unachukua nusu yao. Ukichagua kwa kubahatisha, kwenye 100 uliowachukua 50 ndio wazuri. Ukichagua wenye alama za juu kwa fomu ya 0.3, wanakuwa 60. Na ukiwa na waombaji wengi ukachukua mmoja tu kati ya kumi, wanafika 71 hivi. Kwa mtu anayefundisha watu 30 kila mwaka hiyo ni hela ya kueleweka, na ni karatasi tu. Bado kati ya hao waliopita kuna watakaoshindwa, na kati ya uliowaacha kuna ambao wangeuza, hilo halikwepeki.

Sasa la ubaguzi, hukuliuliza ila lipo na linaniumiza kuona linavyopuuzwa. Data haina aibu, itakupa chochote kinachotenganisha, hata kama ni kitu kibaya. Detroit miaka ya 70 kuna utafiti ulikuta anwani ya ndani ya jiji inahusiana na wizi kazini, na mwaka 1977 Larry Pace na Lyle Schoenfeldt wakaonesha hatari yake: mjini wanaishi zaidi Wamarekani weusi, pembeni wanaishi weupe, kwa hiyo unadhani unauliza anwani kumbe unauliza rangi. Kwetu ukiuliza kijiji ulichozaliwa unaweza kuwa umeuliza kabila, ukiuliza shule ya seminari umeuliza dini, ukiuliza timu ya mpira ya mtaani umewapa wanaume alama ambayo wanawake wengi hawakuwa na nafasi ya kuipata. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kubagua kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, umri na mengineyo, na inamlinda hata anayeomba kazi. Hayo maswali ya umri na ndoa ya akina Peters na Goldsmith leo huwezi kuyapa alama, yatoe kabisa. Na kwa kila swali linalobaki jiulize kama mtu alikuwa na uwezo wa kulifanya au kutolifanya. Kuuza karanga ni uamuzi wake. Kuzaliwa wa ngapi kwa mama yake sio. Pia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, waambie waombaji majibu yao unayatumia kwa nini na usiyaache yanazurura kwenye meza.

Fomu ikishaanza kazi usiiamini milele. Kweli kuna utafiti wa Brown wa 1978 ambapo alama za fomu ya mawakala wa bima zilizotengenezwa 1933 bado zilikuwa zinatabiri miaka 38 baadaye, kwa mawakala zaidi ya elfu kumi, lakini ile fomu ilikuwa imejengwa na sekta nzima yenye data nyingi na waliilinda isivuje. Wewe una mji mmoja na grupu la WhatsApp la waombaji, majibu "sahihi" yatasambaa ndani ya mwezi. Karatasi za kutolea alama zikae kwako na mtu mmoja tu, na kila baada ya miaka miwili rudia hesabu.

Najua utaniuliza, mimi nina 60 tu, 180 nawatoa wapi? Hapo ndio kazi ya kweli. Waliopo na walioondoka miaka mitatu au minne iliyopita ukiwajumlisha unakaribia 150, na chini ya hapo mimi sitoi alama kwa data, namba zinayumba mno. Ila wengi hawakujaza maswali haya siku walipoanza, una CV na barua ya serikali ya mtaa basi. Wanaoendelea wanaweza kujaza leo, sio sawa na mwombaji mwenye njaa ya kazi lakini ni mwanzo. Walioondoka wapigie simu, wengi watakujibu ukiwaongelesha kwa heshima.

Mpaka data itoshe, maswali yale 15 yafanye kuwa intavyuu yako. Kila mwombaji anaulizwa yaleyale, kwa mpangilio uleule, watu wawili wanatoa alama kila mmoja kivyake kwa mwongozo mliouandika kabla, halafu ndio mnalinganisha. Hiyo ndio ile ya 0.42 niliyokuambia, unaanza kufaidika wiki hii hii wakati majibu yanajilimbikiza. Na fomu za mnaowakataa pia zitunze kwa muda mliowaambia, pamoja na sababu.

Ukipata mafaili ya walioondoka, hata kama ni yale ya karatasi kwenye box la stoo, nitumie idadi na namna mnavyorekodi marejesho ya wateja kwa kila muuzaji, majina yafute. Tutaanza na lile swali la mtaji peke yake tuone kwa wauzaji wako linasema nini.